Jinsi ya kuendesha mdahalo mkali chuoni bila kumziba mtu mdomo

Kazi yangu kwenye midahalo ya wanafunzi hapa Nairobi ni kushika saa na kipaza sauti. Vita vingi huanzia kwenye mada. "Ukabila chuoni" si mada, ni uchokozi. Andika dai ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa: "Ajira za chuo zitangazwe pamoja na majina ya kaunti walikotoka walioajiriwa." Hapo watu watabishana hadi jasho liwatoke, lakini watabishana juu ya kitu.

Kwenye tangazo, sema wazi yatakayotajwa. Tulipojadili maandamano ya Juni 2024 tuliandika kwamba vifo vitazungumziwa na hakuna video itakayoonyeshwa. Komredi mmoja akalalamika kuwa tunawalea watu kama mayai. Mimi sioni hivyo. Ukumbini kuna waliokuwa mjini tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, na kuna waliozika jamaa zao. Aliyejulishwa mapema huamua mwenyewe kuja au kutokuja, na akija huwa amejiandaa kusema.

Marekani wameyavutana haya miaka mingi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwaandikia wanafunzi wapya kwamba hakiungi mkono maonyo ya namna hiyo, wala maeneo salama ya kuwakimbia wenye mawazo tofauti, na kwamba hakitawafuta wageni waalikwa kwa sababu mada zao zina utata. Hilo la wageni naliunga mkono kwa mikono miwili. Hayo mengine yananishinda, kwa sababu darasa la jirani lenye maji na viti, la kupumzikia aliyelemewa na mjadala, halimnyang'anyi msemaji hata neno moja. Liombe mapema, umweke humo mtu mtulivu asiye na tabia ya kuhubiri. Ila anayetoka kwenda kupumua asirudi na amri ya kuufunga mdahalo. Hapo mimi hukataa.

Kabla ya siku yenyewe, soma kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010. Kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha kinaacha nje ya uhuru huo propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Kuudhiwa hakumo kwenye orodha hiyo. Kifungu hichohicho kinadai uheshimu haki na sifa za wengine, kwa hiyo mwenye tuhuma dhidi ya mhadhiri aipeleke panapostahili; kwenye kipaza sauti jina la mhadhiri huyo lisitajwe. Na ofisi ya chuo ikikutaka umwondoe msemaji fulani, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi barua hiyo haiji.

Sasa ukumbini. Waambie wachangiaji wajitambulishe kwa kozi na mwaka wa masomo, basi. Kwetu ukishataja jina la baba, nusu ya ukumbi imeshaamua utasema nini. Sentensi ikianza na "nyinyi watu wa...", gonga meza papo hapo, usingoje imalizike. Mwambie airudie akijibu hoja. Wengi hurudia vizuri tu, na hoja hutoka kali zaidi. Dakika mbili kwa mtu, na asiyesema bado atangulie mbele ya aliyekwisha kusema. Gawa pia vikaratasi vya maswali: yale mazito kuhusu unyanyasaji wa kingono nimeyapata huko, kwa mwandiko wa watu ambao wasingesimama kamwe. Soma swali kama lilivyoandikwa, hata kama linakuchoma wewe msimamizi.

Funga saa moja jioni. Wa Rongai na Kahawa wana safari, na nauli haingoji hoja ya mwisho. Maswali yaliyobaki yapeleke kwenye kikundi cha WhatsApp, lakini saa nne usiku weka mpangilio wa wasimamizi pekee kuandika. Ugomvi wa baada ya hapo sijaupatia dawa nyingine.