Kufunga na kutumia Yamaha SPX90 studio: kuanzia soketi ya umeme hadi mwangwi wa kwaya

Yamaha SPX90, mashine ya kuongeza mwangwi na vionjo vingine kwenye sauti, ilianza kuuzwa mwaka 1985, na ukipekua vyombo vya mtumba bado utakutana nayo. Somo hili ni lake, ila kama una prosesa nyingine ya raki (ile fremu ya kufungia vyombo), iwe Lexicon, Alesis, TC Electronic au Behringer, hatua ni zilezile; kinachobadilika ni majina ya vitufe. Nitakaa zaidi kwenye mambo mawili: njia ambayo sauti inaingilia na kutokea, na besi inayoachwa izurure ndani ya mwangwi. Rekodi nyingi zinazosikika kama zimeimbwa ndani ya simtanki zimeharibikia hapo, wala si kwenye ubovu wa mashine.

Hatua ya 1: Soma mgongo wa mashine kabla ya kuchomeka

Hii haina swichi ya kuchagua volti. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Soketi zetu zinatoa 230 au 240. Ukichomeka ya Japani moja kwa moja ukutani, somo limeishia hapo. Kama kibandiko cha nyuma kinasema 100 au 120, tafuta transfoma ya kushusha. Mashine yenyewe haifiki wati 50, kwa hiyo transfoma ya wati 100 inatosha. Muuzaji akikwambia "imeshabadilishwa ndani", mwambie afungue mfuniko uone, au apime mbele yako.

Hatua ya 2: Kwenye raki

Raki ni ya inchi 19 na mashine inakula nafasi moja, yaani milimita 44.45. Sheria ni moja tu: usiilaze juu ya amplifaya. Joto litaipanda, na transfoma ya amplifaya itaipelekea muungurumo. Acha nafasi moja tupu katikati au zipeleke pande tofauti za raki.

Hatua ya 3: Waya

Hapa twende taratibu.

Kwenye mikisa tafuta tundu la kutolea la oksi, ile njia ya pembeni ya kupeleka sauti kwenye mashine nyingine, lililoandikwa AUX SEND au FX SEND. Toa waya wa jeki kubwa kutoka hapo uingize kwenye INPUT ya mashine. SPX90 inapokea mono na kutoa stirio, kwa hiyo waya wa kuingia ni mmoja na wa kutoka ni miwili, L na R.

Hiyo miwili wengi huichomeka kwenye FX RETURN na kuondoka. Mimi naipeleka kwenye chaneli ya kawaida ya stirio, kwenye matundu ya laini (si ya maiki), kwa sababu chaneli ina ikwalaiza na feda, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, na RETURN mara nyingi ina kinobu kimoja tu. Ila ukifanya hivyo, kinobu cha oksi ileile kwenye chaneli hiyo kifunge kabisa. Ukikiacha wazi, mwangwi utarudi kwenye mashine, utoke, urudi tena, na baada ya sekunde chache studio nzima inapiga mluzi.

Nyuma kuna swichi ya kiwango, -20 na +4. Ukitoka kwenye mikisa ya studio weka +4. Hiyo -20 ni ya vyombo vyenye nguvu ndogo kama pedali za gitaa. Ukichanganya, ama utapata kelele ya hewa kwa sababu umelazimika kufungua sana, ama sauti itapasuka hata ukiimba kwa kunong'ona.

Hatua ya 4: Oksi iwe baada ya feda

Mikisa nyingi zina kitufe cha PRE (kabla ya feda) na POST (baada ya feda) kwenye oksi. Weka POST. Maana yake ni kwamba ukimshusha mwimbaji, mwangwi wake unashuka naye. Ukiacha PRE, utamshusha mpaka chini kabisa na bado utamsikia kwa mbali, mwangwi bila mwenyewe. PRE waachie wanamuziki kwenye monita zao.

Hatua ya 5: BALANCE ni asilimia 100

Bonyeza BALANCE uipandishe hadi 100%. Sasa mashine inatoa mwangwi mtupu, na sauti kavu inapita kwenye chaneli yake ya mikisa peke yake.

Ukiiacha 50%, sauti kavu inapita njia mbili: moja kwa moja kwenye mikisa, na tena kupitia mashine. Kwenye prosesa zinazogeuza hata sauti kavu kuwa dijitali na kuirudisha, ile ya pili inachelewa kidogo. Zikikutana, baadhi ya masafa yanafutana na sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba, kama imefinywa puani. Fundi anaanza kuhangaika na ikwalaiza, anabadilisha maiki, anamlaumu mwimbaji, kumbe tatizo ni hiyo namba ya BALANCE. Hiyo 50% ina kazi yake pale tu unapopitisha chombo kizima ndani ya mashine, kwa mfano gitaa linalokwenda moja kwa moja kwenye amplifaya.

Hatua ya 6: Kiwango cha kuingia

Mwimbaji aimbe sehemu yake ya juu kabisa, si "halo, halo, moja mbili". Fungua oksi ya chaneli yake hadi katikati, kisha zungusha INPUT LEVEL mpaka taa za mita zicheze juu na ile nyekundu iwake kwa nadra sana. Dijitali ikipasuka haina utamu wa aina yoyote.

Hatua ya 7: Mwangwi wa sauti ya kuimba

Namba 1 hadi 30 ni programu za kiwandani na huwezi kuzifuta, kwa hiyo chezea bila woga. Nne za kwanza ni mwangwi: ukumbi, chumba, sauti ya kuimba, na pleti. Hiyo pleti inaiga mitambo ya zamani kama EMT 140 ya Ujerumani ya mwaka 1957, ambayo ilikuwa kabati lenye bati la chuma la urefu wa karibu mita 2 linalotetemeshwa. Kwa mwimbaji mmoja naanza na pleti, kwa kwaya naanza na namba 3.

Bonyeza PARAM mara kwa mara, vipengele vitapita kimoja baada ya kingine.

REV TIME. Huu ni muda wa mwangwi kushuka kwa desibeli 60. Programu za kiwandani kwa masikio yangu ni ndefu mno kwa Kiswahili. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na mwimbaji akifika mwisho wa mstari anaivuta ile "a" au "e", mwangwi unaidaka na kuibeba hadi kwenye mstari unaofuata. Kwa wimbo wa mapigo 100 kwa dakika naweka sekunde 1.6. Wimbo wa taratibu, mapigo 70, naweza kufika 2.4. Kipimo changu ni mkia wa mwangwi kufa kabla baa moja haijaisha. Kwa mapigo 100 baa ya mapigo manne ni sekunde 2.4, hivyo 1.6 inaacha nafasi ya kupumua.

DELAY. Hapa si dilei ya kurudia maneno. Ni kimya kidogo kabla mwangwi haujaanza. Weka milisekunde 30. Kwa muda huo sauti husafiri kama mita 10, kwa hiyo sikio linaona ukuta uko mbali na mwimbaji yuko karibu. Ukiweka sifuri, mwimbaji anasogea nyuma kwenye ukuta.

HPF. Ni kichujio kinachokata besi. Hiki ndicho kipengele kisichoguswa, na ndicho chenye dawa. Kikikaa THRU, yaani bila kuchuja, besi yote ya maiki inaingia kwenye mwangwi: pumzi za "p" na "b", miguu ya wanakwaya kwenye jukwaa la mbao, muungurumo wa feni. Vyote vinanyooshwa kwa sekunde moja na nusu na kujaa mahali pa gitaa la besi. Pandisha hadi karibu 250 Hz. Kwa kwaya yenye sauti nzito nyingi nenda hata 300. Usiogope, sauti kavu ya besi bado ipo kwenye chaneli yake. Umeikata kwenye mwangwi tu.

LPF, kichujio cha sauti za juu, iteremshe hadi karibu 6 kHz ili "s" na "sh" zisinyunyize. Yenyewe SPX90 haipandi sana juu: inachukua sampuli mara 31,250 kwa sekunde kwa biti 16, na mwangwi wake unaishia karibu 12 kHz. Huo ugiza kidogo ndio baadhi yetu tunaoupendea.

Mwisho pandisha feda ya mwangwi mpaka uusikie waziwazi, kisha ishushe kidogo. Bonyeza BYPASS, kitufe cha kuondoa mwangwi. Kama mwimbaji ameachwa uchi, kiwango kiko sawa.

Hatua ya 8: Dilei kwa mapigo ya wimbo

Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, unapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Mapigo 100 ni 600. Dilei ya stirio ya SPX90 inaishia 500, kwa hiyo chukua nusu pigo, 300, upande wa kushoto, na robo tatu ya pigo, 450, upande wa kulia. Marudio yawe machache, asilimia 20 hivi. Matokeo yatatembea na ngoma bila mtu kujua kuna dilei.

Hatua ya 9: SYMPHONIC kwa gitaa

Programu hii inapanua sauti kwa kuiyumbisha kidogo pande mbili. Kwenye muziki wa dansi naipelekea gitaa la ridhim peke yake na kuliacha la solo kavu katikati. Yanatengana bila kugombana. Sikiliza pia kwa spika moja ya simu kabla hujaridhika, maana upana ukibanwa kuwa mono sehemu yake hupotea.

Hatua ya 10: Hifadhi

Chagua namba kati ya 31 na 90, bonyeza STORE. Basi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Kanisa letu lina bati juu na kuta tupu. Nikiweka mwangwi wa namba 3 kwa kwaya, maneno hayasikiki kabisa nyuma. Nipunguze nini?

Marahaba. Zima mwangwi kabisa. Jengo lenu tayari lina wake, tena mrefu kuliko huo, na huna kitufe cha kuuzima. Mkitaka sauti inenepe kidogo tumieni dilei fupi, milisekunde 120, rudio moja, kwa kiwango cha chini. Halafu mchungaji akishika maiki, bonyeza BYPASS kabla hajasema neno la kwanza. Mahubiri yenye mwangwi yanachosha watu. Pesa ya kununua chombo kingine iende kwenye mapazia mazito ukuta wa nyuma.

Mdau wa Nairobi: Mimi sina mikisa, nina kompyuta na kadi ya sauti yenye output mbili tu. Naweza kuitumia?

Unaweza, lakini si papo kwa papo, kwa sababu hizo mbili zinakwenda kwenye spika zako. Ukipata kadi yenye output nne, ya tatu inalisha mashine na unairudisha kwa input mbili. Programu ya kurekodi ya Reaper ina ReaInsert kwa kazi hiyo. Kwa sasa fanya hivi: vaa hedifoni kwenye tundu lake, chomoa spika, peleka output moja kwenye SPX90, cheza sauti ya mwimbaji peke yake na urekodi mwangwi kwenye traki mpya ya stirio. Programu ya kurekodi isipousogeza mwangwi yenyewe, mwangwi utachelewa milisekunde kadhaa. Kwa kuwa ni mwangwi mtupu, huo ucheleweshaji unajumlika tu na ile DELAY ya hatua ya 7. Punguza 30 iwe 20, mambo yameisha.

Mdau wa Tanga: Kaka, nimefunga kama ulivyosema, kuna muungurumo "mmmm" hata hakuna anayeimba. Rafiki kaniambia nikate ile pini ya ethi.

Usikate. Ethi ipo kwa ajili ya uhai wako na wa mwimbaji anayeshika maiki ya chuma. Kwanza chomoa waya wa kuingia kwenye mashine. Muungurumo ukiisha, unatoka kwenye njia ya mikisa. Ukibaki, angalia waya za kutoka na kilicho jirani kwenye raki. Pili, mikisa na mashine zichomekwe kwenye ekstensheni moja. Tatu, waya za sauti zisilale sambamba na za umeme; zikikutana zikatane kama msalaba. Ikishindikana, nunua kisanduku cha transfoma ya kutenganisha sauti ukiweke katikati.

Mdau wa Muscat: Kwa nini mtu ahangaike na chuma cha 1985 wakati programu za mwangwi za bure zimejaa kwenye kompyuta?

Kama unafanya kila kitu ndani ya kompyuta na bajeti ni ndogo, usinunue. Kweli kabisa. Mimi naishika kwa sababu mbili: kazi za jukwaani ambako sitaki kompyuta igande katikati ya wimbo, na SYMPHONIC. Kwa mwangwi wa kawaida, programu nzuri ya leo inaishinda.

Mdau wa Arusha: Nikizima na kuwasha, nilichohifadhi kimepotea. Namba 31 kwenda juu zote zimevurugika. Imekufa?

Haijakufa. Ndani kuna betri ndogo ya lithiamu inayotunza kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa, na imeisha. Mpe fundi wa elektroniki abadilishe, na mwambie aweke kishikizo cha betri ili safari ijayo pasiwe na kuchoma solda tena. Programu za kiwandani hazidhuriki. Zako zitafutika, kwa hiyo kuanzia sasa piga picha ya kioo kwa kila kipengele cha PARAM kabla hujazima.