Boksi la kufunika geji na mita za nje, chagua hivi

Soma namba ya IP kwanza, ndo kipimo cha boksi kuzuia vumbi na maji, tarakimu ya kwanza ni vumbi ya pili ni maji, IP54 iache chini ya paa, nje chukua IP65 kwenda juu maana masika ya Moshi mvua inapiga hadi ubavuni. Plastiki ya ABS ya kawaida jua linaipauza mpaka inapasuka, plastiki ya polikaboneti yenye kinga ya jua ndo inadumu. Rangi nyeupe, tena funga kibati cha kivuli juu yake, ndani kukichemka skrini inageuka nyeusi husomi kitu. Waya ziingie kwa chini na kila tundu liwe na glandi yake (kifungo cha kubana waya maji yasipite), fundi akitoboa juu mkatalie kabisa. Asubuhi ukikuta matone ndani ya kioo mara nyingi sio kuvuja, ni unyevu wa hewa umegeuka maji kwa baridi ya usiku, weka plagi ya kupumulia, kizibo kinachopitisha hewa ila sio maji.