Kubadili ratiba ya vikao vya bunge katika katiba ya jimbo la Marekani

Mimi huanza kwa kusoma ibara ya marekebisho kabla ya ile ya vikao, maana kila jimbo lina mlango wake wa kubadili katiba. Texas inadai theluthi mbili ya kila baraza la bunge, yaani wawakilishi 100 na maseneta 21, halafu wingi wa kawaida wa wapiga kura. Gavana hana sahihi hapo. Delaware haiendi kwa wananchi kabisa: mabunge mawili yanayofuatana, la kabla na la baada ya uchaguzi, yapitishe maneno yale yale, basi.

Ukishajua mlango, andika kifungu. Hapa ndipo penye kazi, na napenda mfano wa Oregon wa mwaka 2010: siku 160 mwaka witiri, siku 35 mwaka shufwa, na nyongeza ya siku tano tano kwa kura ya theluthi mbili. Kila tarakimu ina kazi yake. Ukiandika "kila mwaka" bila ukomo, umewapa wabunge ajira ya kudumu. Taja pia nani anaitisha kikao cha dharura, na kwa muda gani.

Kisha swali la kwenye karatasi ya kura. Liwe fupi! Wapiga kura wa Kentucky mwaka 2022 waliulizwa kama bunge lijiitishe lenyewe kwa siku hadi 12. Matini yalikuwa marefu kama mkataba wa nyumba, na wakakataa. Utah walikubali jambo la karibu na hilo mwaka 2018.

Mwisho, weka tarehe ya kuanza kutumika, ikiwezekana baada ya uchaguzi unaofuata.