Likizo ya Julai Norwe na watoto: ninavyowapangia ndugu wanaokuja Bergen

Naishi Bergen, magharibi mwa Norwe, mji unaojulikana nchi nzima kwa mvua. Kila kiangazi ndugu wanakuja kutoka Dar na watoto wao, na nyumba yangu inageuka gesti. Mara ya kwanza dada yangu alikuja na ratiba ya siku kumi na miji sita. Tuliifuata siku mbili. Ya tatu watoto walikuwa wamelowa mpaka chupi, mmoja ana homa, na tiketi za boti zisizorudishwa pesa ziko mezani zinatutazama. Tangu hapo napanga kwa mvua kwanza. Jua likitoka ni bahati yetu.

Hatua ya 1: Viza

Norwe haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ni ileile. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wadogo zaidi ni bure. Bima ya safari isiwe chini ya yuro 30,000. Pesa watu hujichanga wakapata. Wanachokwama nacho ni karatasi za watoto. Tafuta vyeti vya kuzaliwa mapema, na kama baba au mama anabaki nyumbani, aandike barua ya ridhaa. Nawaambia waombe Machi au Aprili, wasingoje Juni.

Hatua ya 2: Chagua wiki

Julai Wanorwe wenyewe wako likizo, na vibanda vya kambi, vile vya mbao vya kukodi, huwa vimeshikwa tangu majira ya baridi. Kama shule za watoto wako zinaruhusu, nusu ya pili ya Agosti ina nafasi zaidi, maana shule za huku zimeshafunguliwa, na msituni kuna matunda madogo meusi ya blåbær ambayo kila mtu anaruhusiwa kuchuma. Shule za kwetu zikifungwa Juni, basi njooni mwisho wa Juni.

Hatua ya 3: Nguo (hapa ndipo likizo inapoharibika)

Mchana wa Julai hapa mara nyingi ni nyuzi 13 hadi 19. Si baridi ya kutisha. Tatizo ni kulowa. Suruali ya jinzi ikilowa saa tatu asubuhi, mtoto ataivaa mbichi hadi jioni. Kwa hiyo jinzi zibaki nyumbani. Kila mtoto awe na fulana ya sufu inayogusa mwili, kwa sababu sufu hata ikiloa bado inatunza joto na pamba haitunzi. Juu yake sweta, halafu koti na suruali ya mvua, na buti za mpira zenye nafasi ya soksi nene.

Msinunue vipya. Pitieni mitumba ya Karume mkalipekue lile fungu la makoti ambalo watu wa Dar hawaligusi: huenda mengine yalitoka huku huku, sasa yanarudi kwao. Kinachokosekana naazima BUA, vituo vinavyoazimisha vifaa vya michezo na vya nje kwa watoto na vijana bila malipo: mabegi ya mgongoni, mara nyingine hata hema.

Hatua ya 4: Shukeni Oslo, mje kwa treni

Ndege ya kuunganisha hadi Bergen ipo, lakini treni ndiyo likizo yenyewe. Ni kama saa saba, na watoto wanaweza kutembeatembea. Mnapanda hadi stesheni ya Finse, mita 1,222 juu ya bahari, mahali pasipo na barabara ya magari, na hata Julai mara nyingi mabaka ya theluji bado yapo. Wapwa zangu walishuka, wakashika theluji kwa mikono mitupu, mmoja akaila. Inauma, alisema.

Mkiwa na siku ya ziada, shukeni stesheni ya Myrdal mpande kitreni cha Flåm: kilomita 20 za kuteremka hadi kwenye maji ya fjord, mkono mwembamba wa bahari katikati ya milima, kama saa moja.

Hatua ya 5: Kibanda kimoja, msihamehame

Kibanda cha kambi ni chumba cha mbao chenye vitanda vya juu na chini na jiko la umeme la sahani mbili; choo mara nyingi ni cha pamoja, nje. Shuka njooni nazo. Kaeni hapo usiku nne au tano.

Wanaopenda hema wana bahati: sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu, mgeni pia, haki ya kupita na kulala porini. Hema liwe angalau mita 150 kutoka nyumba iliyo karibu, na usiku usizidi miwili mahali pamoja bila kibali. Moto msituni hapana, kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba.

Hatua ya 6: Chakula

Mgahawani familia ya watu watano itatoka na bili ya kulia. Pikeni. Supamaketi za Rema 1000 na Kiwi zina mchele na tui la kopo. Nyama na maziwa msibebe kutoka nyumbani, forodha hawaruhusu. Jumapili maduka makubwa hufungwa, kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya kununua. Ndoana ya baharini haihitaji kibali. Makreli wa gatini, ndimu na pilipili, mmemaliza. Chupa tupu hurudishwa dukani kwa kroner 2 au 3, na hiyo ndiyo hela ya aiskrimu ya watoto.

Hatua ya 7: Usiku usio na giza

Mwishoni mwa Juni jua la Bergen huzama saa 5:10 usiku na kuchomoza saa 10:10 alfajiri. Shangazi yangu alifua nguo saa sita usiku akidhani ndiyo kwanza magharibi. Mfuko mweusi wa taka na gundi ya karatasi dirishani hutosha. Wenye kusali, tumieni ratiba ya msikiti wa hapa.

Hatua ya 8: Kila asubuhi, Yr kabla ya chai

Yr ni programu ya hali ya hewa ya wenyewe, na inaonyesha mvua saa kwa saa. Ikionyesha saa tatu mfululizo bila mvua, acheni vyombo, pandeni Fløibanen, kitreni cha kupanda mlima, hadi mita 320 na mshuke kwa miguu. Mvua ikiendelea, kuna akwariamu na mabwawa ya kuogelea ya ndani. Tiketi za boti nunueni siku ileile.

Mkiondoka, fagieni kibanda, vinginevyo mtatozwa usafi. Buti niachieni. Kabatini ninazo za namba 26 hadi 37, bado 31 tu, iliyokwenda na maji ya fjord mwaka juzi.