Namna ya kukadiria kimo cha mawimbi ya Ziwa Kivu kabla ya kwenda kazini

Anayetoka Goma kwenda katikati ya ziwa kupima gesi, kutengeneza boya au kuvua samaki wadogo waitwao sambaza hupata kwenye simu ubashiri wa upepo tu. Mawimbi hana budi kuyakadiria mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kujua kasi ya upepo. Ikiwa imeandikwa kwa kilomita kwa saa, igawanye kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Usitegemee upepo unaouhisi mjini, kwa maana ziwani hakuna miti wala kuta za kuupunguza.

Hatua ya pili, pima kwenye ramani masafa ya upepo, yaani umbali ambao upepo unapita juu ya maji matupu hadi mahali pa kazi. Kisiwa cha Idjwi hukata masafa hayo: upepo wa kusini-mashariki, ambao ni wa kawaida wakati wa kiangazi, hukuta maji yaliyo kati ya Idjwi na Kalehe, kwenye ufuko wa magharibi, yamekingwa, ilhali sehemu ya kaskazini iko wazi.

Hatua ya tatu ni hesabu yenyewe. Zidisha 0.016 kwa kasi ya upepo, kisha kwa kipeuo cha pili cha masafa kwa kilomita. Tuseme upepo ni mita 10 kwa sekunde na masafa ni kilomita 36, ambazo kipeuo chake ni 6: utapata mita 0.96. Kwa kilomita 9, upepo uleule huleta mita 0.48 tu.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kuangalia muda. Katika mfano huo, mawimbi ya kilomita 36 huhitaji saa nne na nusu hivi ili yafikie kimo hicho, na yale ya kilomita 9 huhitaji karibu saa mbili. Upepo huo wa mita 10 kwa sekunde ukivuma saa moja peke yake hauwezi kuinua zaidi ya mita 0.3 hivi, hata ziwa likiwa wazi kiasi gani.

Hatua ya tano ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kimo ulichopata ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, si kikomo. Ukikaa ziwani saa kadhaa, tarajia wimbi moja linalokaribia mara mbili ya kimo hicho, na uamue kwa kutazama hilo. Mita 0.96 ina maana ya kujiandaa kwa karibu mita 2, tena kwa mawimbi yanayofuatana kila sekunde nne au tano, ambayo hayaipi boti iliyojaa nafasi ya kuinuka vizuri kabla ya lingine kufika.

Hesabu hii haifai kwa dhoruba za radi za msimu wa mvua, ambazo upepo wake hugeuka ghafla. Wingu jeusi likijitokeza, usikokotoe chochote: vuta vifaa, funga kamba, uelekee ufuko ulio karibu, hata kama si ule ulikotoka.