Msitu wa Epping kwa treni: mwongozo kwa tuliohamia London

Ukikaa Ilford, Barking, East Ham au Leytonstone, una msitu wa kale karibu zaidi kuliko uwanja wa ndege ulioshukia. Hata hivyo wengi wetu tumemaliza miaka London tukiijua Green Street duka kwa duka, na hatujawahi kukanyaga Epping Forest. Ukiuliza kwa nini, maswali ni yale yale: kiingilio kiasi gani, ruhusa anatoa nani, mle ndani kuna nini, na mtu mweusi akionekana peke yake kati ya miti watu watafikiri nini. Mawili ya kwanza ni mepesi. Hakuna kiingilio, hakuna lango, hakuna ruhusa ya kuomba. Unaingia kwa miguu siku yoyote, na sheria ya nchi iko upande wako.

Sheria hiyo inafaa kujulikana kabla ya safari, maana ukishaijua hutembei kama mtu aliyevizia shamba la watu. Kwa karne nyingi wanavijiji wa huku walikuwa na haki ya kuchunga ng'ombe msituni na kukata matawi ya kuni majira ya baridi, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa ya mabwana wachache. London ilipotanuka katika karne ya 19, mabwana hao wakaanza kuzungusha ua na kutafuta wanunuzi wa viwanja. Mwaka 1866, pale Loughton, jamaa wa mzee Thomas Willingale walitiwa gerezani kwa kukata matawi ambayo babu zao walikata bila kuulizwa. Kesi zikafuatana. Halmashauri ya City of London, iliyokuwa na haki ya malisho kwa sababu ya ardhi iliyonunua kwa ajili ya makaburi, iliwashtaki mabwana na kushinda mwaka 1874. Miaka minne baadaye Bunge likapitisha sheria ya msitu huu peke yake: usizungushiwe ua, hali yake ya asili itunzwe, na umma uutumie kwa mapumziko. Malkia Victoria alikuja High Beach mwaka 1882 kuutangaza kuwa wa watu. Msomaji wa Nairobi ameshamkumbuka Wangari Maathai na vurugu za Karura mwaka 1999, naye hajakosea: msitu wa ukingoni mwa jiji kuu, viwanja mikononi mwa wakubwa, na watu waliokataa. Tofauti ni kwamba Karura utalipia getini.

Usitarajie kitu kama misitu ya mvua ya Amani, Tanzania, au Kakamega, Kenya. Uingereza msitu huitwa wa kale ikiwa mahali hapo pamekuwa na miti mfululizo tangu angalau mwaka 1600, na misitu ya aina hiyo imebaki katika asilimia mbili na nusu hivi tu ya ardhi ya Uingereza nzima, mingi ikiwa vipande vidogo katikati ya mashamba. Epping ni mkubwa kwa kipimo cha huku: karibu hekta 2,400, ukanda mwembamba wa kilomita 19 hivi kutoka Manor Park hadi kupita mji wa Epping. Hakuna nyani, hakuna hondohondo, hakuna mimea mirefu ya kuning'inia mitini. Aina za miti ni chache. Anayekwenda akisubiri maajabu ya mara moja atarudi amenuna.

Kinachostahili kutazamwa ni maumbo. Utaona shina nene, fupi, lililojaa vinundu, halafu juu kidogo ya kichwa chako linafumuka matawi kumi au ishirini kwa pamoja, kila tawi likiwa nene kama mti kamili. Hiyo ni kazi ya mikono. Wanakijiji walikata matawi kwa kimo hicho ili machipukizi yatoke mahali ambapo ng'ombe na kulungu hawafiki, wakarudi baada ya miaka kadhaa kukata tena. Mti unaokatwa hivyo huishi muda mrefu kuliko ulioachwa urefuke, na ndiyo maana Epping ina makumi ya maelfu ya miti mikongwe. Baada ya sheria ya 1878 ukataji ulikoma, kwa nia njema, na matokeo yake hayakuwa mema yote: matawi yakawa mazito kupita uwezo wa mashina, na vivuli vikaua mimea ya chini. Siku hizi wasimamizi wamerudia kukata baadhi ya miti. Kwa hiyo ukikuta mti mkongwe umenyolewa, usidhani ni uharibifu.

Miti mitatu inatosha kuanza nayo. Mwaloni, yaani oak, una gome lenye mipasuko mirefu, na majani yenye kingo za mawimbi. Ule unaoitwa beech una gome laini la kijivu, na mizizi yake hutambaa juu ya ardhi; ile mizee inafanana kabisa na miguu ya tembo. Wa tatu ni hornbeam, wenye shina lililojipinda kama misuli, na mbao ngumu mno zinazotoa kuni za moto mkali. Mama akija kukutembelea kutoka Moshi ataziona kuni zimelala chini zikioza na atauliza kama watu wa huku wana akili timamu. Mweleze kwamba gogo linaloachwa lioze ni makao ya wadudu, wakiwemo mbawakavu wakubwa wenye pembe ambao kuwepo kwao ni sababu mojawapo ya Epping kulindwa. Mwombe asibebe.

Majira yanabadilisha kila kitu. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili miti mingi iko uchi. Mtu wa Tabora aliyezoea miombo kupukutika wakati wa kiangazi ataelewa upesi, ila hapa kinachoangusha majani ni baridi na uhaba wa mwanga, si kiu. Maua ya chini huwahi kuchanua kabla majani ya juu hayajafunga na kuzuia jua, kwa hiyo maua ya bluu ya bluebell yatafute nusu ya pili ya Aprili hadi mwanzo wa Mei. Mahali rahisi pa kuyaona ni Chalet Wood, ndani ya Wanstead Park, unapofika kwa miguu kutoka stesheni ya Manor Park. Pita njiani tu: majani yake yakishakanyagwa mmea hudhoofika. Kung'oa tunguu zake, zile za chini ya udongo zinazofanana na vitunguu, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori na mazingira ya 1981, na mmea wote una sumu, basi watoto wasitie mdomoni. Kwangu mimi, hata hivyo, wakati bora ni mwisho wa Oktoba na Novemba mwanzoni, majani ya beech yanapokuwa na rangi ya shaba na watu wa maua wameshasahau njia.

Kufika ni rahisi. Central Line inakupeleka Loughton au Theydon Bois, zote ukanda wa nauli wa 6 (zone 6), na Oyster au kadi ya benki inatosha. Kutoka Loughton unapanda mitaa ya makazi hadi ukingo wa msitu, halafu unaweza kuelekea Loughton Camp, ngome ya udongo ya kabla ya Warumi, na kuendelea hadi High Beach kwenye kituo cha wageni na vibanda vya chai vinavyopendwa na waendesha pikipiki. Ukiwa na wazee, kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu, achana na huko. Chukua treni ya Overground, njia ya Weaver, kutoka Liverpool Street hadi Chingford. Karibu na stesheni kuna jumba la mbao lililojengwa mwaka 1543 kwa ajili ya Mfalme Henry VIII kutazama uwindaji, na mbele kidogo bwawa la Connaught Water, lenye njia iliyosawazishwa kulizunguka. Wenye magari wajue kwamba maegesho mengi ni ya kulipia, na wikendi hujaa.

Udongo wa huku ni mfinyanzi. Hata wiki isiyo na mvua, matope yanakusubiri kwenye mabonde, basi vaa gambuti au viatu vya kupandia mlima, na raba nyeupe ziache nyumbani. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka. Anayependa karatasi anunue ramani ya Ordnance Survey, Explorer namba 174. Vijia ni vingi na vinafanana, na mawingu yakiziba jua hujui kaskazini ni wapi. Angalia saa pia. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo anayeingia msituni saa nane mchana amechelewa. Juni ni kinyume, mwanga upo hadi saa tatu usiku. Siku ya upepo mkali usiende kabisa, maana matawi mazito ya miti mizee huanguka.

Kuhusu lile swali la nne: watu watakusalimu. Mwingereza ambaye kwenye treni hakutazami usoni, akikukuta kwenye kijia chembamba atasema "morning", na adabu ni kuitikia. Shida ya kweli ni mbwa. Wengi hutembea bila kamba, na mwenyewe atakuambia hana neno. Una haki ya kusimama na kumwambia kwa upole amwite mbwa wake. Husemi jambo la ajabu. Ng'ombe wa pembe ndefu wanaochungwa humo ni watulivu, ila wapishe, hasa wenye ndama.

Vyoo ni vichache, viko kwenye vituo vya wageni, na vina saa za kufungwa. Chukua chupa ya maji ya ziada kwa kutawadha. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki, na mkeka mwepesi usiopitisha maji utakufaa kuliko msala wa zulia. Chakula ni chapati, maandazi na chai ya chupa, kwa sababu moto umepigwa marufuku, na nyama choma imo katika marufuku hiyo. Uyoga pia usichume: sheria ndogo za msitu zinakataza, na upo uyoga wa huku unaoua kwa kuharibu ini.

Nyoka mwenye sumu wa Uingereza ni mmoja tu, adder, naye hukimbia mtu. Anayestahili tahadhari ni kupe. Anaweza kubeba ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinena na kwapa, na kwa watoto nywele pia. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti kama tulivyofanyiwa utotoni. Ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi katika wiki au miezi michache inayofuata, au homa isiyoeleweka, nenda kwa GP au piga 111 na utaje kupe, antibiotiki zipo.

Walio mbali na London hawakosi msitu. Slough na Reading wana Burnham Beeches. Leicester, walikotua wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, wana Swithland Wood. Milton Keynes ipo Howe Park Wood, na Sheffield kuna Ecclesall Woods, msitu wenye kaburi la mchoma mkaa aliyeungua kibandani mwake mwaka 1786. Na kama mnapanga kwenda kwa basi zima la kanisa au madrasa, waandikieni wasimamizi wa msitu mapema, maana ruhusa isiyohitajika kwa familia inaweza kuhitajika kwa kundi kubwa.