Kabla ya karambiti, shika mwiko

Wewe unayejifunza kujihami hapa Mombasa, usikimbilie kununua karambiti, kile kisu kilichopinda kama ukucha. Chukua mwiko jikoni. Ushike kama unasonga sima, unyooshe mkono mpaka uguse ukuta. Sasa ugeuze, kichwa kitokee upande wa kidole cha mwisho, kama mtu anayetwanga; hivyo ndivyo karambiti hushikwa. Umeona ulivyolazimika kusogea ili uuguse tena ukuta? Ndiyo maana silati, mchezo wa kupigana wa Waminangkabau wa Sumatra, Indonesia, kilikotoka kisu hicho, huchezwa kwa karibu mno, na anayeweza kukimbia bora akimbie. Halafu ile pete ya mpini: kidole cha shahada hupita humo, na mwenzio akikupindua mkono hakichomoki upesi, huweza kuvunjika. Mazoezini tumia kisu cha mpira, pete iache tupu mpaka mkono uzoee.